Kompyuta ya Nyumbani: Programu za Bure za Kweli na za Mtego

Juma hili nataka kujibu kwa pamoja barua zilizonijia kutoka vijiji mbalimbali, maana zote zauliza neno moja ijapokuwa kwa njia tofauti.

Zamani kompyuta ilikuwa kitu cha ofisi za mjini. Siku hizi twaiona hata huku kwetu. Kijana afanyaye kazi mjini amemletea baba yake kompyuta ya mapajani iliyokwisha tumika. Mwalimu amejinunulia ya mtumba. Umeme wa jua uko juu ya bati. Basi kompyuta huwekwa mezani sebuleni, ikafunikwa kitambaa kilichofumwa ili vumbi lisiingie, na jamaa wote hufurahi. Kisha huja swali: Tutie nini ndani yake? Maana kompyuta isiyo na programu ni kama cherehani isiyo na uzi. Gurudumu lazunguka, lakini nguo haishonwi.

Hapo ndipo mwenye nyumba aendapo kwa fundi, naye fundi amwambia, "Mzee, usijali, nitakuwekea programu zote, nipe elfu kumi tu." Baba arudi nyumbani na kompyuta iliyojaa programu, asijue hata moja ilitoka wapi. Barua zenu zauliza kama kuna njia nyingine. Naam, ipo, wala haina gharama ila ya bando. Lakini yatupasa kwanza tuelewane juu ya neno hili "bure".

Wenzetu wasemao Kiingereza wana shida hapa. Kwao neno moja hutumika kwa kitu kisicholipiwa na kwa mtu asiye mtumwa. Sisi twasema "bure" na twasema "huru", wala hatuyachanganyi. Mwaka 1983 Mmarekani mmoja, Richard Stallman, aliyekuwa akifanya kazi katika chuo cha MIT huko Massachusetts, alitangaza ya kuwa ataanza kutunga programu ambazo kila mtu ataruhusiwa kuzitumia, kuchunguza jinsi zilivyotungwa, kuzirekebisha, na kumgawia jirani. Wengi walimfuata. Programu za namna hiyo kwa Kiswahili zaitwa programu huria. Si kwamba hazina mwenyewe. Mwenyewe yupo, naye ametoa ruhusa yake kwa maandishi, nayo huitwa leseni. Ukimnakilia jirani programu ya namna hii hukuiba kitu. Umefanya kile kile alichotaka mwenye kuitunga.

Aina ya pili ni ile ya bure yenye ndoana. Hutoi fedha, lakini programu yakujazia matangazo, au baada ya siku kadhaa yakudai malipo, au yaingia nyumbani pamoja na wenzake watatu usiowaalika. Sisemi zote ni mbaya. Nyingine ni za watu waaminifu wanaotafuta riziki. Lakini mtu asome kwanza ndipo abonyeze.

Aina ya tatu ndiyo hiyo ya fundi wetu: programu ya kuuzwa ambayo imevunjwa kufuli, vijana huiita "kraki". Kwamba ni mali ya mtu mwingine, hilo mwalijua bila kuambiwa na mimi. Nataka niseme juu ya hatari yake. Mara nyingi maagizo ya kuiingiza huanza hivi: Zima kwanza programu yako ya kuzuia virusi. Fikirini. Mgeni akija usiku akapiga hodi akasema, "Mfunge mbwa kwanza ndipo niingie," je, utamfungulia?

Kuna programu mbaya iitwayo STOP, wengine huiita Djvu, ambayo imeenea duniani hasa kwa njia hiyo ya kraki. Ikiisha kuingia, huzifunga picha zote na nyaraka zote kwa kufuli ya hesabu isiyofunguka, huongeza herufi za ajabu mwishoni mwa jina la kila faili, kisha huacha barua: Lipa dola 980, au dola 490 ukiwahi ndani ya saa 72. Mtu wa kijijini atazitoa wapi dola 490? Na hata akizitoa, ameahidiwa na mwizi. Mwaka 2019 kampuni iitwayo Emsisoft ilitoa bure chombo cha kufungulia aina nyingi za zamani za STOP, na tangu mwaka 2016 polisi wa Uholanzi na wa Ulaya, pamoja na makampuni ya usalama, wameweka kwenye mtandao mahali paitwapo No More Ransom ambapo funguo kama hizo hutolewa bila malipo. Kwa hiyo aliyepatwa asilipe kabla ya kutazama huko. Lakini kwa aina za baadaye za STOP mara nyingi ufunguo hakuna, na picha za harusi na za marehemu babu zimekwenda. Hiyo ndiyo bei ya programu ya elfu kumi.

Haya, tuje kwenye zile zifaazo.

Kwa kuandika barua, kumbukumbu za vikao na hesabu za nyumbani, ipo LibreOffice. Yafanya karibu yote ambayo watu wa nyumbani huyafanya kwa programu za ofisi za kununua, nayo hufungua hata zile faili za Word mnazotumiwa na shule au wilaya. Mwanzo wake ni Ujerumani, katika kampuni ndogo aliyoianzisha kijana mmoja, Marco Börries, katika miaka ya 1980. Mwaka 1999 ilinunuliwa na kampuni kubwa ya Marekani, mwaka 2000 ikafunguliwa iwe huria kwa jina la OpenOffice, na mwaka 2010 watungaji wengi walijitenga wakaunda shirika lao, ndipo ikazaliwa LibreOffice. Wala asiwaambie mtu ya kuwa kazi hizi ni za Wazungu peke yao. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa OpenOffice iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Wangaliweza kuifanya kazi hiyo kwa programu iliyofungwa? La, wangalipaswa kumwomba mwenyewe na kungoja jibu.

Neno moja la kuzingatia. Mkiandika barua katika LibreOffice na kuipeleka kwenye duka la steshenari kuchapwa, msiipeleke ilivyo. Huko labda wana programu nyingine, na mistari itahama. Tafuteni amri isemayo "Export as PDF". Itatoka nakala isiyobadilika popote itakapofunguliwa. Faili ya LibreOffice ya kupakua ni kubwa, yapata megabaiti 350, kwa hiyo msiianze kwa bando la kutwa lililobaki kidogo.

Kwa muziki na video ipo VLC, ile yenye alama ya pia ya rangi ya chungwa kama ziwekwazo barabarani. Wanafunzi wa chuo cha École Centrale huko Paris ndio walioianza mwaka 1996, na mwaka 2001 ikatolewa kwa leseni huria. Hucheza karibu kila namna ya faili ya video bila kukudai kitu cha nyongeza, wala haina tangazo hata moja. Watu wa kwaya wanaoletewa nyimbo katika kila umbo la faili watanielewa. Na kwa kufungua vile vifurushi vya faili vinavyotumwa kwa barua pepe, vya zip na rar, ipo 7-Zip ya Mrusi Igor Pavlov, aliyeitoa mara ya kwanza mwaka 1999. Ni ndogo sana, haifiki hata megabaiti 2. Fundi wengi hupenda kuweka WinRAR badala yake. Ile ni ya kuuzwa, yaruhusu kujaribiwa siku 40, kisha yakukumbusha kulipa kila uifunguapo, nao watu huishi nayo miaka kumi wakikumbushwa kila siku. Ya nini, na 7-Zip ipo?

Kwa kuzuia virusi, mwenye Windows 10 au 11 asihangaike. Microsoft Defender imo ndani tayari, haina malipo, yatosha kwa matumizi ya nyumbani. Lakini yahitaji kupata habari mpya za virusi kwenye intaneti. Kompyuta isiyoonja intaneti miezi sita ina mlinzi asiyejua sura za wezi wa mwaka huu. Basi mara moja kwa juma, kama bando laruhusu, iunganisheni kwa simu na mwiacheni Defender ajisasishe.

Na zile programu za "kusafisha" kompyuta na kuiongezea mwendo? Hizo ndizo ziulizwazo sana, nami nasema ziacheni. Windows yenyewe ina chombo cha kufuta takataka, kiitwacho "Disk Cleanup". Mwaka 2017 moja ya programu hizi zilizo mashuhuri, CCleaner, iliingiliwa na wezi huko huko inakotungwa. Kwa muda wa karibu mwezi mzima nakala iliyokuwa ikitolewa na kampuni yenyewe ilikuwa na sumu ndani, na watu wapatao milioni 2 na robo waliipokea. Hawakufanya kosa lolote, walichukua mahali halali. Ila kila programu uiingizayo ni mlango mwingine katika nyumba, na mlango usio na kazi hauna haja ya kukatwa.

Mahali pa kuchukulia ndipo watu wengi waangukapo. Mtu aandika jina la programu katika Google, abonyeza jibu la kwanza, kumbe ni tangazo la watu wengine waliolipia wakae juu. Akifika huko aona vitufe vitano vya kijani vyenye maandishi "Download", na kimoja tu ndicho cha kweli. Mwaka 2015 hata ghala kubwa na la kuheshimika, SourceForge, lilionekana likitoa programu ya picha iitwayo GIMP ikiwa imefungwa pamoja na matangazo ambayo watungaji wa GIMP hawakuyataka. Watu walipiga kelele, ghala likaacha. Kwa hiyo kila programu ichukuliwe nyumbani kwake. LibreOffice yakaa libreoffice.org, VLC yakaa videolan.org, na 7-Zip yakaa 7-zip.org. Andikeni anwani yenyewe kule juu, herufi kwa herufi, msipitie kwenye utafutaji.

Sasa nijibu barua moja peke yake, kwa sababu najua wengi wamepatwa na jambo hilo. Mama mmoja mjane anaeleza ya kuwa alikuwa na flashi yenye picha za marehemu mumewe na za watoto siku ya Komunyo ya kwanza. Akaipeleka mjini apigiwe picha mbili kwenye karatasi. Aliporudi na kuifungua tena, akakuta folda zote zimegeuka vijialama vyenye mshale mdogo pembeni, na kila abonyezapo hakitokei kitu. Fundi akamwambia flashi imekufa, haina budi kuformatiwa, naye aziage picha. Anauliza kama ni kweli.

Mama yangu, usikubali iformatiwe. Kwa kawaida picha zimo humo humo. Hicho ni kirusi cha kale, kimezunguka miaka mingi katika maduka ya kuchapia, na hila yake ni hii: Huzificha folda zako, kisha huweka mahali pake vijialama vya uongo vyenye majina yale yale. Ukibonyeza kijialama, wakiamsha kirusi, nacho chaingia katika kompyuta yako na kungoja flashi nyingine. Ni kama mtu aliyezificha sufuria zako nyuma ya pazia na kuweka picha za sufuria jikoni.

Uthibitisho ni rahisi. Ichomeke flashi, usifungue kitu chochote ndani yake. Bonyeza kitufe cha kuume cha kipanya juu ya alama ya flashi, uchague "Properties". Itakuonyesha nafasi iliyotumika. Ikisema gigabaiti tatu zimetumika, na wewe huoni ila vijialama, basi gigabaiti tatu hizo ndizo picha zako. Ikionyesha karibu sifuri, hapo ndipo pa kuanza kuhangaika, nami nitaeleza njia yake chini.

Kwanza mwambie Defender aikague flashi, kisha kompyuta nzima kwa ukaguzi ule mrefu uitwao "Full scan", hata kama utachukua saa mbili. Ukifunua folda kabla ya kumwondoa kirusi, atazificha tena mbele ya macho yako. Baada ya hapo bonyeza kitufe cha Windows kwenye kibodi, andika cmd, kisha bonyeza Enter. Litafunguka dirisha jeusi. Wengi huliogopa, lakini ni mahali pa kuandikia amri tu. Tazama flashi yako imepewa herufi gani; tuseme ni E. Ndipo uandike mstari huu, nafasi na vistari vikiwa hivyo hivyo:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Kisha Enter, na kungoja kidogo. Maana yake ni kuviondolea vitu vyote vya flashi E alama ya kufichwa, ya kutoguswa na ya kuwa mali ya mfumo, hata vilivyo ndani ya folda za ndani. Ifungue flashi tena. Folda zako zitakuwa zimerudi. Mara nyingine zote hukaa ndani ya folda moja isiyo na jina lolote, ifungue hiyo. Zinakili picha kwenye kompyuta kwanza, uzitazame moja moja kama zafunguka, na baada ya hapo tu ndipo ufute vile vijialama vya mshale, au hata uiformati flashi ukitaka. Programu iliyotumika hapa haikununuliwa wala kupakuliwa: attrib imo ndani ya kila Windows.

Na kama flashi imekwisha formatiwa, au mtoto amefuta picha kwa bahati mbaya? Bado lipo tumaini. Mimi ni karani wa parokia, kazi yangu ni daftari, basi niruhusuni nieleze kwa mfano wa daftari. Mwanzoni mwa daftari kubwa huwa kuna orodha: fulani yuko ukurasa wa 40, fulani ukurasa wa 112. Kompyuta ikifuta picha, haiendi kuufuta ukurasa wa 112. Yafuta ule mstari wa orodha tu, na kuandika kwamba ukurasa wa 112 ni mtupu, yeyote na aandike. Picha yaendelea kukaa pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Hata kule kuformati kwa haraka, "Quick format", ni kuichana orodha tu. Kuformati kwa urefu ndiko kunakofuta kurasa zenyewe.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ni kutoandika tena kitu chochote juu ya flashi au kadi hiyo. Usipige picha nyingine, usinakili wimbo hata mmoja, itoe uiweke kando. Halafu tafuta PhotoRec, programu huria ya Mfaransa Christophe Grenier, ipatikanayo cgsecurity.org. Hiyo haitazami orodha kabisa. Yapitia ukurasa mmoja mmoja, na popote ionapo mwanzo wa picha ulivyo kwa kawaida, yaichukua na kuiweka mahali unapoiagiza. Uiagize iweke kwenye kompyuta, kamwe si kwenye flashi ile ile, usije ukaandika juu ya unachokitafuta. Katika furushi lake kuna faili iitwayo qphotorec, hiyo ina vitufe vya kubonyeza na ni nyepesi kwa asiyezoea. Picha zitarudi bila majina yake, zina namba tu, mamia kwa mamia, pamoja na takataka nyingi. Kaa na watoto jioni mzichambue. Jambo hili hufaulu sana kwa flashi na kadi za simu au kamera. Kwa zile diski mpya za ndani ya kompyuta ziitwazo SSD tumaini ni dogo, maana nyingi hufagia kurasa zake mara tu baada ya kufuta.

Mwalimu mmoja ameuliza juu ya vitabu vya watoto wa shule mahali pasipo na mtandao. Namjulisha Kiwix, iliyoanzishwa mwaka 2007, ambayo huifanya kamusi elezo ya Wikipedia isomeke bila intaneti. Huchukuliwa mara moja mahali penye mtandao mzuri, katika faili moja, na tangu hapo husomwa hata porini. Ile ya Kiingereza yenye picha zote yapita gigabaiti 90, haibebeki na flashi ndogo. Lakini ya Kiswahili ni ndogo na huingia bila taabu, tena husomeka hata kwenye simu. Makala nyingine za Kiswahili ni fupi mno, na nyingine zahitaji kusahihishwa, hilo mwalimu ataliona mwenyewe. Lakini mtoto wa darasa la sita aliyeambiwa aandike juu ya Ziwa Tanganyika atapata pa kuanzia.

Hapo ndipo ruhusa ya kunakili inapotufaa kuliko hata kutokulipa. Programu iliyofungwa ingalitaka kila nyumba ilipe na kila nyumba ipakue. Hizi za huria, mtu mmoja mwenye kwenda mjini akizipakua kutoka kwenye nyumba zake halisi, kijiji kizima chaweza kuzinakili kwake bila kuvunja sheria ya mtu. Shida ni kwamba flashi izungukayo nyumba kumi hurudi na virusi kumi. Dawa yake ni kutumia kadi ya SD ile kubwa ya kamera, yenye kijiti kidogo ubavuni. Ukiisha jaza programu zako, sukuma kijiti kwenye "Lock", na kwa kawaida kompyuta ya jirani itaweza kusoma humo lakini haitaweza kuandika. Kadi ya gigabaiti 8 yatosha kwa LibreOffice, VLC, 7-Zip, PhotoRec na Kiwix, na nafasi itabaki.

Barua kadhaa zaulizia Windows 10, kwa kuwa watu wameona tangazo kwenye kioo wakatishika. Ni kweli ya kuwa Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa nyongeza ya mwaka mmoja kwa wale wanaojiandikisha. Kompyuta haizimiki, hufanya kazi kama jana. Ila nyufa mpya zikionekana hazitazibwa, na Windows 11 hukataa kukaa katika kompyuta nyingi za mtumba za huku kwetu. Msikimbilie kununua nyingine, wala msimpe fundi ailazimishe kwa kraki. Kuna mfumo huria uitwao Linux Mint, unaopatikana linuxmint.com tangu mwaka 2006, ambao hutosheka na kumbukumbu ya gigabaiti 2, ingawa 4 ni afadhali, na nafasi ya gigabaiti 20 katika diski. LibreOffice imo ndani tayari.

Uzuri wake ni kwamba hukai nao kabla hujauchumbia. Huwekwa kwenye flashi tupu kwa programu ndogo iitwayo Rufus, kisha kompyuta huwashwa kutoka kwenye flashi hiyo, na Mint yaamka bila kugusa kitu chochote cha ndani. Jaribuni kuandika, kusikiliza redio ya mtandao, kuchomeka printa. Wasipopendezwa baba na mama, tolewe flashi, kompyuta iwashwe tena, na Windows itakuwa pale pale. Lakini hapo kwenye kijialama cha "Install" mtu asibonyeze kwa kutaka kuona tu. Kikikubaliwa chaweza kuifuta diski nzima, pamoja na kila kilichomo. Zinakilini kwanza picha na nyaraka mahali pawili tofauti, ndipo mkiguse.

Jinsi ya kuiandaa flashi hiyo kwa Rufus, hatua kwa hatua, ni habari ndefu. Nitaieleza juma lijalo. Wenye kutaka kufuata pamoja nami watafute flashi isiyo na kitu ndani, ya gigabaiti 4 au zaidi.